Piano ya mtumba Tukuyu: Kabla hujatoa bahasha ya kwaya

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Kitambaa kilichodariziwa kinaondolewa, vumbi linapanguswa, na mwenye mali anabonyeza funguo tatu kwa pamoja. Sauti inatoka. Wajumbe wa kwaya waliokuja na bahasha wanatazamana, mmoja anatikisa kichwa kukubali, na chai ikiwa bado ya moto fedha zilizochangwa tangu msimu wa viazi zimeshahesabiwa mezani.

Ndivyo vinanda vingi vilivyotumika vinavyonunuliwa katika mji huu na vijiji vya Rungwe: sebuleni kwa mtu, bila risiti, na mara nyingi mpigaji mwenyewe hayupo kwa sababu siku hiyo yuko shambani au kazini Mbeya.

Kasoro hujulikana Jumapili. Funguo mbili zinalia kwa nguvu kuliko nyingine hata zikiguswa taratibu. Moja hailii kabisa. Au chombo kinazima katikati ya wimbo na kutoa harufu ya waya ulioungua. Kwaya ikirudi kwa muuzaji, anajibu kwamba kwake kilikuwa kizima, na kwa kweli kililia mbele ya macho yao.

Lipo jambo baya zaidi ya hilo, nalo huchukua muda kujitokeza: mtu wa usharika mwingine anakuja kudai kwamba kinanda hicho ni mali ya kanisa lao.

Chombo kibovu na chombo kisicho cha muuzaji ni mashaka mawili tofauti, na yote yanamwangukia mnunuzi. Huku Rungwe mnunuzi si tajiri mmoja anayetafuta pambo la sebule. Ni kwaya, umoja wa vijana, kikundi cha akina mama. Bahasha ile ina jasho la watu wengi: ndizi zilizouzwa Kiwira, chai iliyochumwa Katumba, viazi vya Isongole.

Vitu vitatu tofauti

Anayesema ana piano ya kuuza anaweza kuwa na kimojawapo kati ya vitu vitatu. Kinachopatikana zaidi ni kinanda cha umeme cha funguo 61, kama zile Yamaha za PSR zenye midundo ndani yake. Cha pili ni piano ya dijitali, yenye funguo 88 nzito na sauti chache zilizotengenezwa kwa uangalifu. Cha tatu, ambacho ni adimu, ni piano yenyewe ya mbao, nyuzi na chuma. Humo humo kwenye fungu la vyombo vya kale kuna kile kinanda cha kupiga kwa miguu, kinachovuta pumzi kwa mivukuto na kulia kwa ndimi za shaba.

Kila kimoja kina ugonjwa wake. Maswali yanayokifaa cha kwanza hayakisaidii cha tatu, na fundi redio wa stendi anayeweza kukiponya cha kwanza hana la kufanya mbele ya cha tatu.

Vilifikaje huku milimani

Wamisionari wa Moravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, wakipitia Mto Zambezi, Mto Shire na Ziwa Nyasa. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, iliweka vituo upande wa mashariki, Manow kikiwa kimoja wapo. Warithi wao ni Kanisa la Moravian Jimbo la Kusini na KKKT Dayosisi ya Konde, yote mawili yenye mizizi yake wilayani humu.

Pamoja na Injili ikaja kwaya ya sauti nne, na Wamoravian wakaongeza tarumbeta. Desturi yao ya kuamkia makaburini alfajiri ya Pasaka na kupuliza tarumbeta ilitoka Herrnhut, Ujerumani, na bado inaishi. Vinanda vilifuata nyimbo, kwa kuwa kwaya inayoimba kwa do-re-mi ya kuandikwa inahitaji mahali pa kuchukulia sauti.

Si kila mmisionari aliyefurahia mwelekeo huo. Katika miaka ya 1930 Franz Ferdinand Rietzsch, Mmoravian aliyefanya kazi katika nyanda hizi, alihimiza sauti za Kiafrika zipewe nafasi ibadani badala ya kuegemea tenzi za Kijerumani zilizotafsiriwa. Ubishi huo haujaisha. Unasikika hadi leo kila kwaya inapouliza kama fedha ziende kwenye kinanda au kwenye ngoma.

Kwa mnunuzi wa leo, sehemu ya historia inayomgusa zaidi ni vita. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa Wajerumani katika mji huu, wakati huo ukiitwa Neu Langenburg, na utawala wa Uingereza ukaziweka mali zao chini ya Msimamizi wa Mali za Adui, nyingi zikauzwa. Vita vya Pili vikawakuta tena waliokuwa wamerudi, wakawekwa kizuizini. Samani zikabadilisha wenyewe bila maandishi. Kwa hiyo chombo cha kale kinachosemwa kuwa ni urithi wa babu kinaweza kuwa urithi kweli, au kinaweza kuwa mali ya misheni iliyohifadhiwa nyumbani kwa mtu na kusahaulika. Sura ya mbao haikwambii.

Mvua ya Tukuyu haina huruma na mbao

Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mgomba unashukuru, chai inashukuru. Piano haishukuru.

Ndani ya piano ya mbao mna nyuzi za chuma zipatazo 230, zote zimevutwa kwa nguvu ambayo ikijumlishwa hufika tani 15 hadi 20. Mzigo huo unabebwa na fremu ya chuma cha kumimina. Sauti yenyewe hutolewa na ubao mpana mwembamba ulio nyuma ya nyuzi, na ubao huo hunywa unyevu masika ukavimba, kisha hukauka kati ya Juni na Oktoba ukasinyaa. Mwaka baada ya mwaka, mwendo huo hupasua ubao, hulegeza vigingi vinavyoshika nyuzi na kuitoa piano kwenye sauti yake.

Watengenezaji wa Ulaya walilijua hilo mapema. Waliuza kwa nchi za joto piano ambazo maungio yake, mbali na gundi, yalikazwa kwa skrubu za shaba ili yasiachie. Ukikutana na moja ya namna hiyo, una bahati kidogo. Kidogo tu, kwa maana skrubu hazizuii kutu ya nyuzi, wala hazimfukuzi panya anayependa sufi ya nyundo kwa kutandikia watoto wake.

> Piano inayolia sebuleni kwa muuzaji haijathibitisha lolote ila kwamba nyuzi za funguo tatu bado hazijakatika.

Ukaguzi wake hauhitaji shahada, unahitaji tochi na ujasiri wa kumwomba mwenye mali afungue kifuniko cha juu na ubao wa chini. Tazama nyuzi: wekundu mwepesi unavumilika, magamba ya kutu hapana. Tazama mguu wa piano na mgongo wake kama kuna udongo wa mchwa au vitundu vya fukusi vinavyomwaga unga mpya. Bonyeza funguo zote 88, moja baada ya nyingine, kwanza polepole kisha kwa nguvu. Ufunguo unaonata kwa unyevu unatibika. Ubao wa vigingi uliopasuka hautibiki kwa bei inayoingia akilini.

Kisha chukua simu. Programu za kupimia sauti zipo nyingi na za bure. Noti ya A iliyo juu ya do ya katikati inapaswa kusoma 440. Ikisoma karibu na 415, piano nzima imeshuka nusu toni, na kwaya itakapotaka kuipandisha ili ilingane na tarumbeta, nyuzi kuukuu zinaweza kukatika mojamoja mikononi mwa fundi. Muuzaji atasema inahitaji kutyuniwa tu. Neno hilo "tu" ndilo ghali kuliko yote.

Fundi mwenyewe atatoka mbali. Mwenye piano ya mbao Tukuyu inampasa kuhesabu nauli, malazi na ujira wake walau mara moja kwa mwaka, na si mara moja maishani.

Usafiri nao una hesabu yake. Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 hadi 300. Inabebwa ikiwa wima, imefungwa kwa kamba na mablanketi ndani ya Canter yenye turubai, na wabebaji wanne wenye nguvu ni wachache. Kutoka Mbeya kwa barabara ya lami ya Uyole si taabu kubwa. Taabu ni kilomita za mwisho za udongo kuelekea kanisani wakati wa masika. Ikishafika, iachwe majuma kadhaa izoee hewa ya mahali pake ndipo ityuniwe.

Meno ya tembo chini ya vidole

Kuna hatari ambayo ni wachache wanaoifikiria. Piano nyingi za Ulaya na Marekani zilizotengenezwa kabla ya katikati ya karne ya 20 zina funguo nyeupe zilizofunikwa kwa pembe za ndovu.

Pembe hizo sehemu kubwa zilitoka Afrika Mashariki. Zilisafirishwa kwa mabega ya watu hadi pwani na kuuzwa Zanzibar, ambako kampuni za Marekani ziliweka mawakala wao. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, vijiji viwili vya jimbo la Connecticut, vilizipasua kuwa vipande vyembamba vya kufunikia funguo. Mmoja wa mawakala hao, Ernst Moore, aliyenunua pembe Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1931 kueleza ukatili wa biashara aliyoishi kwayo. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, jirani kabisa na Unyakyusa, mfanyabiashara Mlozi na kampuni ya Waingereza ya African Lakes walipigana Karonga kati ya 1887 na 1889, na pembe na watumwa vilikuwa ndani ya ugomvi huo.

Leo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali, na pembe iliyochongwa ni nyara vilevile. Adhabu yake ni pamoja na kifungo cha miaka mingi. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1989.

Kutambua si kazi ngumu. Ufunguo wa plastiki ni kipande kimoja, mweupe sawasawa. Uliofunikwa kwa pembe kwa kawaida una mstari mwembamba wa maungio pale sehemu pana inapokutana na ile nyembamba, umekuwa wa njano, na ukimulikwa pembeni unaonyesha michirizi kama ya mbao. Ukiona hivyo, usinunue wala usisafirishe kabla ya kuuliza ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kuuliza si kujishtaki.

Umeme wa Japani, soketi ya Tanzania

Turudi kwenye kinachonunuliwa hasa. Vinanda vya umeme vya mtumba vina mtego unaokamata watu kila siku: chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinatumia volti 100, na soketi zetu zinatoa 230. Kikiwa na waya unaoingia moja kwa moja bila adapta ya nje, kukichomeka siku ya kwanza kunaweza kuwa ndiyo siku yake ya mwisho. Pindua chombo, soma kibandiko cha mgongoni. Kama kimeandikwa 100V, ongeza kwenye bei gharama ya transfoma ya kushusha umeme, na umwandikie onyo kila atakayekigusa.

Adapta nayo isomwe. Volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye chombo, na alama ya chanya na hasi iwe ileile. Adapta ya redio inayoingia kwenye tundu si lazima iwe ndiyo yenyewe.

Funguo zisizolia, au zinazolia kwa kelele tu, mara nyingi zina uchafu kwenye mipira midogo iliyo chini yake. Fundi mwangalifu huisafisha na ikarudi. Kwa hiyo kasoro hiyo ni sababu ya kupunguza bei zaidi kuliko ya kukimbia. Skrini iliyokufa ni habari nyingine. Spika zinazokoroma zinavumilika kwa kwaya yenye mikisa na spika zake, mradi tundu la kutolea sauti liwe zima. Chomeka waya, utikise, usikie kama sauti inakatika.

Kuna kitufe kimoja ambacho wajumbe wa kamati hukisahau na wapigaji hawakisahau kamwe: cha kuhamisha ufunguo wa wimbo. Wapigaji wetu wengi wamejifunza kwa kusikia, wanapiga kila kitu kwa mkao mmoja wa vidole na kumfuata mwimbaji kwa kitufe hicho. Kikiwa kibovu, kinanda hicho kwao ni kipande cha plastiki.

> Aende anayepiga, si anayelipa peke yake.

Mali ya nani?

Duka la Mwanjelwa au Kariakoo linalofuata sheria linakupa risiti ya EFD, na anwani ya kurudi. Mtu binafsi hakupi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, inamlinda mnunuzi kwa mambo machache: muuzaji awe na haki ya kuuza, na bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Kuhusu ubora, ulinzi wake unamwelekea zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Ukinunua kwa mwalimu anayehama au mjane anayepunguza vitu, na ukakagua mwenyewe, kasoro unayoikuta baadaye ni yako.

Hapo ndipo maelezo ya maandishi yanapokuwa na thamani. Karatasi ikisema kinanda ni Yamaha ya modeli fulani, namba yake ya usajili wa kiwandani ni hii, funguo zote zinalia na hakijawahi kufunguliwa, basi muuzaji ametoa maelezo anayoweza kushikwa nayo. Karatasi ikisema "nimeuza kinanda" haimshiki kwa lolote.

Umiliki una uzito wa pekee huku kwetu. Mali za makanisa huwa chini ya Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Mwalimu wa kwaya aliyetunza kinanda nyumbani kwake miaka mingi, hata kama alikipiga peke yake na kukitengeneza kwa fedha zake, hajawa mmiliki kwa utunzaji. Akikiuza, aliyenunua hakupata umiliki, kwa sababu muuzaji hakuwa nao. Kanisa linaweza kukidai, na aliyenunua huku akijua au akishuku anaweza kuulizwa na polisi.

Ulizeni kwa upole, lakini ulizeni: kilinunuliwa wapi, na nani, lini, na nani alishuhudia? Mwenye mali halali hakasiriki. Andikishaneni mbele ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, kila upande na mashahidi wake, na namba ya kitambulisho cha muuzaji. Kama chombo kiliwahi kuwa cha kanisa, itakiwe barua ya kanisa hilo. Fedha za simu zitumwe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la muuzaji aliye mbele yenu, na zitumwe mkiwa mmekishika chombo. Malipo ya awali ya kuzuia mteja mwingine asikiwahi ndiyo mlango ambao matapeli wanaupenda.

Upande wa muuzaji, na ugomvi wa ndani

Muuzaji naye ana hoja. Yeye si duka. Bei yake iko chini kwa sababu hatoi dhamana, na amechoka na watu wanaokuja kupiga nyimbo nne, kunywa chai na kuondoka wakisema watarudi. Anayetaka dhamana ya duka alipe bei ya duka. Ni haki yake kusema hivyo, na ni haki ya mnunuzi kujibu kwamba bei ya bila dhamana inadai muda wa kutosha wa ukaguzi.

Ndani ya kanisa ubishani ni mwingine. Vijana wanataka kinanda chenye midundo mingi. Wazee wanataka kitu kinachoweza kushika wimbo wa kitabuni bila kuugeuza disko. Mhazini anataka kisichozidi kilichomo kwenye bahasha. Piano ya mbao huwavutia wazee kwa heshima yake, na nimeelewa kwa nini: ni kitu kizuri kukitazama.

Hata hivyo, kwa usharika wa kawaida wa Rungwe wenye paa la bati, unyevu na umeme wa kukatika, sioni sababu ya kununua piano ya mbao hata ikitolewa kwa bei ya kuku. Matunzo yake yatamaliza mfuko wa kwaya. Piano ya dijitali ya funguo 88 kwa wanaofundisha, kinanda cha 61 chenye uwezo wa kutumia betri kwa wanaosafiri kwenye makongamano na misiba: hivyo ndivyo vinavyolipa.

Vile vinanda vya miguu vya wamisionari ni jambo tofauti. Havihitaji umeme, ndimi zake za shaba hushika sauti kwa miaka mingi, na ugonjwa wake mkubwa ni mivukuto iliyotobolewa na panya, ambayo fundi viatu mwenye ngozi nyembamba na gundi nzuri anaweza kuiziba. Vinavyooza kwenye stoo za misheni visiuzwe kwa bei ya kuni wala visinunuliwe kwa siri. Makanisa yaviorodheshe kwanza.

Na wahazini wa kwaya ninawaomba jambo moja: msitoe fedha kabla mpigaji wenu hajakaa na chombo kwa saa nzima, umeme ukiwa umewashwa, na kabla muuzaji hajatia sahihi mbele ya mtendaji. Akikataa lolote kati ya hayo mawili, rudini na bahasha yenu nyumbani.